Bega Lililoganda: Kazi ya Nyumbani na Kazi ya Hospitali

Mhadhara kwa wananchi, Dodoma



Bega halina siku ya maadhimisho wala halitangazwi redioni kama malaria na kipindupindu. Hakuna anayekufa kwa bega. Lakini mwenye bega lililoganda, ukimkuta saa nane za usiku ameketi kitandani, ameushikilia mkono mmoja kwa mwingine kwa sababu kila ubavu anaolalia unamuuma, hatakuambia kwamba ana ugonjwa mdogo.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wagonjwa wa Kanda hii ya Kati hawachoki kutuuliza, wengine kwa upole, wengine kwa uchungu wa nauli: haya mazoezi, si niyafanye nyumbani tu? Kuna ulazima gani wa kuja hospitali kila mara kunyooshwa mkono? Ni swali la haki, na mtu anayeuliza hivyo hastahili kujibiwa "fuata maelekezo" na kuonyeshwa mlango. Msimamo wangu nautaja mapema ili mnisikilize mkiujua. Kwa bega lililoganda kazi kubwa hufanyika nyumbani, na hospitali ina kazi chache ambazo hakuna mwingine awezaye kuzifanya. Kosa letu ni kuwaita watu mara nyingi kwa yale wanayoyaweza wenyewe, halafu tukawanyima yale machache ambayo bila sisi hawayapati.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko wa utando. Kwa mtu mwenye afya mfuko huo ni mpana, una mikunjo upande wa chini, na ndiyo maana mkono unaweza kupanda hadi juu ya kichwa. Katika ugonjwa huu mfuko huvimba, ukaota nyuzi za kovu, kisha ukasinyaa. Fikirini kanzu iliyofuliwa ikarudi makwapani: mvaaji ni yuleyule, mikono yake mizima, lakini akiinua mkono nguo inamkatalia. Bega zima huweza kupokea mililita 15 hata 30 za maji ya sindano ndani ya kiungo. Bega lililoganda mara nyingi halipokei hata 12.

Daktari Mfaransa Duplay aliueleza ugonjwa wa namna hii Paris mwaka 1872. Jina linalotumika sasa lilitoka kwa daktari wa upasuaji wa Boston, Ernest Codman, mwaka 1934, na zoezi la kuning'iniza mkono ambalo tunalifundisha hadi leo linaitwa kwa jina lake. Tangu hapo tumejifunza mengi, ingawa chanzo hasa, kwa wagonjwa wengi, hakijaonekana. Kinachojulikana ni nani hupatwa. Ni watu wa miaka 40 hadi 60 zaidi, wanawake kuliko wanaume, na katika kila watu 100 kati ya 2 na 5 watapatwa maishani mwao. Wenye matatizo ya tezi la shingo wamo, waliofungwa mkono kwa muda mrefu baada ya kuvunjika wamo, na waliopooza upande mmoja wamo. Ila kundi lililo mbele ya yote ni watu wenye kisukari. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta karibu watu 13 katika kila 100 wenye kisukari wana bega lililoganda, yaani uwezekano wa mara tano ukilinganisha na wasio na kisukari. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Mkoa wa Dodoma peke yake, kwa Sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 3. Pigeni hesabu wenyewe muone ni mabega mangapi.

Huanza kimyakimya. Mama anaona mkono haufiki mgongoni kufunga sidiria. Mzee anashindwa kutoa nauli mfuko wa nyuma wa suruali na konda anamharakisha. Anayeswali anagundua kuwa wakati wa takbira mkono mmoja haupandi kufikia sikio. Mkulima wa zabibu kule Hombolo au Mpunguzi anapogoa safu mbili vizuri, ya tatu mkono unagoma. Wengi husema ni upepo, wengine baridi yabisi, na kwa upepo wetu wa Juni na Julai si ajabu mtu kuamini hivyo. Basi anakandwa kwa maji ya moto, anapakwa dawa ya kuchua, anaumikwa. Maji ya moto sina ugomvi nayo hata kidogo. Yanatuliza maumivu na kulegeza misuli kabla ya zoezi. Ninachokipinga ni kuvutwa. Mtu anashikwa na jirani wawili, mwenye ujuzi wake anaung'ang'ania mkono mpaka usikike mlio, na mgonjwa anaambiwa kuwa mshipa umerudi mahali pake. Hakuna mshipa uliorudi. Kilichotokea ni kuchokoza mfuko ambao tayari unawaka, na usiku unaofuata mgonjwa halali.

Kwa kawaida ugonjwa hupita hatua tatu ambazo hazina mipaka mikali: miezi ya maumivu, ambayo usiku ndio mbaya kuliko mchana, kisha miezi ya kukakamaa, maumivu yakipungua huku mkono ukizidi kuwa mzito, kisha kulegea polepole. Yote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Kuna kauli iliyozoeleka, hata miongoni mwetu watumishi wa afya, kwamba bega litapona lenyewe. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliwarudia wagonjwa wao baada ya wastani wa miaka 7 na kukuta nusu yao bado wana maumivu kidogo au mkono haujarudi sawasawa. Wengi wao walikuwa wanafanya kazi zao na hawakulalamika sana. Lakini hiyo ni tofauti na kupona kabisa, na anayetaka kumwambia mgonjwa asubiri tu ni vyema aijue habari hiyo.

Sasa tuje kwenye ushahidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye ubishi.

Mwaka 2003 madaktari wa Kanada wakiongozwa na Simon Carette walichapisha utafiti uliowagawa kwa kura wagonjwa 93 katika makundi manne. Kundi la kwanza lilichomwa sindano ya steroidi ndani ya kiungo na kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. La pili lilipata sindano bila mtaalamu. La tatu lilipata mtaalamu, na sindano yao ilikuwa maji ya chumvi tu. La nne maji ya chumvi peke yake. Lakini angalieni jambo moja ambalo wanaonukuu utafiti huu husahau kulitaja: wote, hata wa kundi la nne, walifundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani. Katika wiki 6 za mwanzo waliochomwa dawa walikuwa mbele. Waliopata dawa pamoja na mtaalamu ndio waliorudisha mzunguko wa mkono mapema kuliko wengine. Mwaka ulipotimia makundi yote manne yalikuwa yamelingana.

Kuna wanaosoma matokeo hayo wakasema, basi mtaalamu hana faida, mwisho wa mwaka wote wako sawa. Mimi siyasomi hivyo, kwa sababu naishi Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mama ambaye mkono wake umekataa kushika jembe Desemba hana Machi ya kufidia. Chakula cha mwaka kimeshapotea. Kumpunguzia mgonjwa wa namna hiyo miezi mitatu ya ulemavu ni msaada mkubwa, hata kama mwezi wa 12 atalingana na mwenzake ambaye hakuguswa na mtaalamu. Kwa mtumishi wa ofisini kule Mtumba hesabu yaweza kuwa nyingine. Faida ya wataalamu hupimwa kwa maisha ya anayeumwa, na jedwali la mwezi wa 12 halionyeshi mwezi wa pili ulivyokuwa.

Utafiti wa pili ni wa Uingereza, mwaka 2014, na wenyewe haukuyapendelea mazoezi ya nyumbani. Wagonjwa 75 waligawanywa katika makundi matatu: waliofanya mazoezi pamoja darasani chini ya mtaalamu, waliohudumiwa mmoja mmoja, na waliopewa mazoezi ya kufanya nyumbani peke yao. Walioongoza ni wa darasa la pamoja. Waliofuata ni wa mmoja mmoja. Wa nyumbani walikuwa wa mwisho, ingawa nao walipata nafuu. Nimeutafakari sana utafiti huu, kwa sababu unaonekana kupingana na ule wa Kanada. Nadhani jibu liko katika kitu ambacho sindano wala mikono ya mtaalamu haiwezi kukitoa: mtu kumwona mwenzake mwenye bega kama lake ananyanyua mkono sentimita mbili zaidi ya wiki iliyopita. Aliye peke yake chumbani, zoezi likiuma, anajiuliza kama anajiumiza. Aliye darasani anaona kuwa wote wanakunja uso, na wote wanaendelea.

Utafiti wa tatu ni wa Uholanzi, mwaka 2004, wa Diercks na Stevens, na ndio unaonifanya nikemee kuvutana. Walifuatilia wagonjwa 77 kwa miaka 2. Kundi moja lilinyooshwa kwa nguvu na wataalamu, kupita mpaka wa maumivu. Kundi la pili liliachiwa lifanye mazoezi mepesi lenyewe, bila kuvuka maumivu, huku likifuatiliwa. Baada ya miezi 24 asilimia 89 ya waliofanya mepesi walikuwa na bega zuri au karibu na zuri; kwa walionyooshwa kwa nguvu ilikuwa asilimia 63. Wagonjwa hawa hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo sitaubeba utafiti huo kama hukumu ya mwisho. Lakini unatosha kutuonya sisi wenye mikono yenye nguvu kwamba hospitali nayo inaweza kudhuru.

Kuna tafiti nyingine nitazipita haraka. Marekani, mwaka 2000, wagonjwa waliofundishwa kunyoosha bega kwa pande nne na kuyafanya mazoezi hayo nyumbani waliridhika na matokeo, 9 kati ya 10. Japani, mwaka 2010, watafiti waliona kuwa wingi wa safari za kwenda kwa mtaalamu haukubadili sana matokeo, bali uaminifu wa kufanya mazoezi kila siku nyumbani ndio uliobadili. Na Uingereza tena, mwaka 2020, utafiti mkubwa wa hospitali 35 na wagonjwa 503 ulilinganisha fiziotherapia iliyopangwa vizuri pamoja na sindano ya steroidi, kunyooshwa bega mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi, na upasuaji wa kuukata mfuko kupitia matundu madogo. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti kubwa ya kumfanya mgonjwa achague moja na kuacha nyingine, na madhara makubwa machache yaliyotokea yalikuwa zaidi upande wa upasuaji. Nawaambia hili kwa sababu wapo wanaouza ng'ombe wampeleke mzazi Dar es Salaam wakiamini kuwa dawa ya kweli ni kisu. Kwa wengi wao ng'ombe angebaki zizini.

Sasa tuangalie hali yetu. Huduma ya fiziotherapia katika kanda hii iko zaidi kwenye hospitali kubwa: Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 pale eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo sote tunaiita General. Wataalamu ni wachache. Wengi wa waliopo nchini walisomea KCMC, Moshi, na nchi nzima inawagombania. Tangu 2024 treni ya SGR inamtoa mtu Dar hadi Dodoma kwa saa takriban nne, lakini mama wa kijiji cha ndani Mpwapwa au Kondoa bado anatoka alfajiri, anakaa kwenye basi zaidi ya kilomita 100, na bega lake linapigwa na kila shimo. Anafika saa tano, anasubiri zamu, anafanyiwa dakika 20, anaambiwa arudi Alhamisi. Akirudi mara mbili ni shujaa. Mara ya tatu haonekani, na kwenye faili tunaandika kwamba mgonjwa ameacha matibabu. Neno hilo linaniuma. Ratiba tuliyompa ndiyo iliyomwacha.

Na upande wa pili tunakosea vilevile. Mgonjwa anapewa karatasi yenye picha za mtu akinyanyua mkono, anaambiwa "fanya haya nyumbani", na hiyo inahesabiwa kuwa ni mazoezi ya nyumbani. Sivyo yalivyokuwa mazoezi ya nyumbani ya Kanada wala ya Japani. Wale walifundishwa, wakaonyesha wanavyofanya, wakasahihishwa.

Kazi za hospitali, kwa maoni yangu, ni hizi. Kwanza kuthibitisha kuwa ni ugonjwa huu kweli. Mgonjwa akibana kiwiko ubavuni, akakikunja, kisha akajaribu kupindua mkono kwa nje, bega lililoganda halipinduki. Yeye mwenyewe hawezi, na hata mtaalamu akiusukuma polepole hauendi. Mwenye msuli uliochanika mara nyingi hawezi kuuinua mwenyewe, lakini ukimsaidia mkono unakwenda. Picha ya eksirei inahitajika kwa sababu bega gumu laweza kuwa limeteguka tangu ajali ya bodaboda na halikurudishwa, au lina kifua kikuu cha mifupa, au uvimbe mbaya, na hayo hayaponi kwa mazoezi. Sukari ipimwe, hata kwa asiyedhani anayo. Bega limewahi kuwa dalili ya kwanza iliyomfikisha mtu kwenye kipimo. Kisha kuna sindano, ambayo faida yake ni kubwa katika miezi ya mwanzo ya maumivu na hupungua mtu akichelewa. Mwenye kisukari akichomwa aangalie sukari yake kwa karibu, kwa sababu hupanda kwa siku kadhaa. Na mwisho ni kufundisha, ambako ndiko tunakoharakisha kuliko kote.

Nitawaonyesha kufundisha ninakokusema, kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba yoyote hapa Dodoma.

Miezi ya maumivu, fanya kidogo. Simama, mkono mzima uegemeze mezani au kwenye ukingo wa kitanda, inama, uache mkono mgonjwa uning'inie kwa uzito wake. Usiuchezeshe kwa msuli wa bega; tikisa kiuno, mkono utafuata wenyewe, mbele na nyuma, kisha duara ndogo. Dakika mbili zinatosha. Usiku weka mto au khanga iliyokunjwa chini ya kiwiko ili mkono usianguke nyuma. Katika hatua hii anayekuambia uvumilie mpaka utoe machozi msikilize kwa adabu, halafu usimfuate.

Maumivu ya usiku yakipungua, ndipo tunaanza kunyoosha. Lala chali mkekani, shika fimbo ya mwiko mkubwa au mpini mfupi kwa mikono miwili, mkono mzima uupandishe mgonjwa kuelekea juu ya kichwa. Ukifika unapobana, kaa hapo huku ukihesabu polepole hadi 15, kisha rudi. Fanya mara 5. Bado umelala, viwiko vimebana ubavuni, tumia fimbo hiyohiyo kuusukuma mkono mgonjwa uelekee nje. Huu ndio mwelekeo unaochelewa kuliko yote, na ndio watu wanaouruka kwa sababu hauonekani kuwa na kazi. Lakini bila kupinduka kwa nje mkono hauwezi kupanda juu vizuri. Msiuruke.

Kisha simama mbele ya ukuta. Tembeza vidole juu yake hadi unapofika, mwambie mtoto aweke alama ya mkaa pale kidole kilipoishia. Wiki ijayo weka nyingine. Kwa mgonjwa ambaye haoni mabadiliko ya siku kwa siku, alama hizo zina nguvu kuliko maneno yangu yote, kwa sababu ugonjwa huu unasogea kwa kiasi ambacho macho hayakioni. La mwisho ni khanga: ipitishe mgongoni, ncha ya juu ishikwe na mkono mzima juu ya bega, ncha ya chini ishikwe na mkono mgonjwa nyuma ya kiuno, halafu mkono wa juu uvute taratibu. Mama wengi wakiweza hili wanaanza kucheka, kwa sababu wanaiona sidiria inakaribia.

Seti fupi mara tatu au nne kwa siku ni bora kuliko moja ndefu. Maumivu ya wakati wa kunyoosha yanaruhusiwa, lakini yawe yametulia ndani ya nusu saa. Yakikesha, kesho punguza nusu.

Sasa mbona nasema mtu lazima aonwe akifanya? Kwa sababu mwili una ujanja. Mtu anayeambiwa ainue mkono mbele ya ukuta huinua bega zima kuelekea sikio, au hupinda mgongo, na vidole vinapanda ilhali kiungo chenyewe hakikusogea. Nyumbani anaweza kufanya hivyo miezi miwili kwa juhudi zote na bega likabaki palepale. Mtaalamu akiweka kiganja juu ya bega lake kwa dakika moja, kosa linaisha. Dakika hiyo haipatikani kwenye karatasi.

Kwa hiyo ninachopendekeza kwa kanda yetu ni ziara chache nzito. Ya kwanza iwe ndefu: uchunguzi, picha, sukari, sindano kwa anayeifaa, na mgonjwa asiondoke kabla hajaonyesha mazoezi mwenyewe, akiwa na ndugu aliyemsindikiza naye akiyaangalia. Ya pili baada ya wiki mbili au tatu, kusahihisha. Ya tatu pale maumivu yanapoisha na kunyoosha kunapoanza kwa dhati. Katikati hapo simu, au mtu wa karibu na nyumbani. Anayekaa Area C au Nkuhungu na akawa na uwezo wa kuja zaidi, aje, atafupisha mateso. Wa Mpwapwa asiambiwe kuwa bila ziara nyingi hatapona, kwa sababu si kweli.

Na kuhusu darasa la pamoja, hatuhitaji kujenga jengo. Kliniki za kisukari tayari zina siku yake katika wiki, na watu hukaa kwenye benchi saa nyingi wakisubiri kupimwa. Wenye mabega haya wamo humohumo kwenye benchi. Nusu saa ya mazoezi kabla ya daktari kufika, ikiongozwa na muuguzi aliyefundishwa na mtaalamu, ingewafikia wengi ambao hawatakuja kamwe kwenye chumba chetu. Nchi hii ina uzoefu wa kujifunza afya kwa vikundi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kwenda kuchimba vyoo. Wazee mlioko hapa mnaikumbuka. Kama wakati ule tuliweza kuwakusanya wanavijiji chini ya mbuyu wajifunze habari za malaria na choo, sioni kwa nini leo tushindwe kuwasimamisha watu 12 ukutani na mkaa mkononi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali imezindua mpango wao upya mwaka 2024, wanaweza kufundishwa kuiona alama ya mkaa isiyosogea na kumrudisha mgonjwa kwetu mapema.

Kwa wanaopanga utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, nina ombi moja. Msiihesabu fiziotherapia kwa idadi ya ziara peke yake. Mkilipa kwa ziara, hospitali itaita watu mara nyingi. Mkiweka ukomo wa ziara bila kujali zilifanywaje, mgonjwa atapata dakika 20 mara chache na karatasi ya picha. Lipieni ziara ya kwanza ndefu. Lipieni simu ya kufuatilia. Lipieni kikundi.

Wanafunzi wa uuguzi na udaktari mliopo, mkipangiwa vituo vya wilayani, jifunzeni kupindua mkono wa mgonjwa kwa nje kabla ya kumwandikia dawa ya maumivu. Ni sekunde 10.

Na wewe ambaye umekaa hapa ukisikiliza huku umeushika mkono, mwezi wa tatu sasa unasubiri upoe, usiende kuvutwa na usiuze kitu. Wiki hii nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe bega liangaliwe na sukari ipimwe siku hiyohiyo, na ukipewa rufaa, nenda nayo ukiwa na mtu wa nyumbani kwako atakayejifunza pamoja nawe.